Nyumba Isiyopigwa Plasta

Kuhusu ile nyumba Monique alikuwa na neno moja tu, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo: haijaisha.

Ungemuuliza mtu mwingine yeyote kwenye barabara ile inayoshuka kutoka Nsambya kuelekea Kabalagala, angekushangaa. Nyumba iliisha zamani. Ni maktaba ya watu wote, milango iko wazi tangu asubuhi. Wanafunzi wanaingia na mabegi yao, wazee wanaingia kusoma magazeti ya bure, na hata wale vijana wa Kabalagala ambao kitabu chao cha mwisho walikiacha shule ya msingi wanaingia kuchaji simu. Hotuba zilishatolewa, utepe ukakatwa, mahema yakakunjwa. Lakini Monique, ng'ambo ya barabara, nyuma ya meza yake ya vitenge, alizitazama zile kuta za matofali mekundu zilizosimama uchi toka chini hadi juu, akatikisa kichwa.

"Haina plasta," alisema. "Haina rangi. Njo imeisha namna gani? Bafundi batarudi."

Aliyeyasikia zaidi maneno hayo ni Joska, maana ndiye jirani yake wa biashara. Joska alikuwa mtu wa Lira, mke wa askari, mwili mkubwa na sauti ya kuitia ng'ombe, na aliuza chai na chapati chini ya mwavuli uliopakana na meza ya Monique. Mumewe, Odur, alistaafu upolisi akachukuliwa kulinda mlango wa maktaba, kwa hiyo Joska aliijua nyumba ile ndani na nje, hata vyoo vyake. Yeye na Monique hawakuwa na lugha ya mama ya kushirikiana. Walikuwa na Kiswahili, mmoja cha Bukavu na mwingine cha kambi za polisi, na kwa hicho waligombana kila siku kwa raha zao.

"Mama Princesse, mimi nachoka na hii maneno yako," Joska angesema huku akipindua chapati. "Nyumba ilimaliza. Watu naingia, watu natoka. Hiyo matofali ni staili. Watu ya Kampala siku hizi napenda namna hiyo."

"Staili ya kutembea bila nguo."

"Ingia basi uone mwenyewe! Mlango ni hapo. Bwana yangu ndiye nasimama, nani atakukataza?"

"Nyumba haiyaonyeshwa," Monique alijibu. "Mutu anaingia namna gani mu nyumba haiyaonyeshwa?"

Na hapo akaanza kukunja upya vitenge ambavyo vilikuwa vimekunjwa vizuri tangu mwanzo.

Ukitaka kumwelewa, lazima ujue alikotoka. Mtaani kwao, Bagira, juu ya vilima vya Bukavu, mtu hajengi nyumba kwa mara moja kama wenye mali. Anajenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka wa pili ukuta, paa likipatikana Mungu ashukuriwe, madirisha baadaye. Matofali yaliyo wazi ni nyumba inayosubiri. Mpita njia akiyaona anajua kwamba mwenyewe ameishiwa, au amefiwa, au yuko safarini. Siku ukuta unapopigwa plasta na kupakwa rangi, hapo ndipo nyumba imeisha, na hapo ndipo majirani wanaitwa kuja kuiona.

Kuona nyumba, kwa akina Monique, halikuwa jambo la kuchungulia. Aliyejenga alisimama kizingitini, akakupa mkono, akakutembeza chumba kwa chumba, na wewe katika kila chumba ulitoa neno zuri, hata kama dari lilikuwa limepinda. Hukwenda mikono mitupu. Ulibeba chumvi na sabuni. Mwisho, baada ya chumba cha mwisho, mgeni alimkabidhi mwenyeji ile chumvi na kusema, "Nyumba imeisha, mkae." Mwenyeji akajibu, "Imeisha, karibu tena." Maneno machache tu, lakini mpaka yasemwe, nyumba ilikuwa bado ya mafundi. Kuingia kabla ya kuonyeshwa kulikuwa sawa na kufunua sufuria jikoni kwa watu.

Monique na mumewe, Mushagalusa, walikuwa na nyumba yao Bagira. Mushagalusa alikuwa fundi wa matofali, na fundi, kama ilivyo kawaida, nyumba yake hujengwa baada ya nyumba za watu wote. Hata hivyo iliinuka. Monique alikuwa na madai mengi, kama kila mwanamke anayejengewa, na Mushagalusa aliyajibu yote kwa neno moja: "Tutaona." Wakafika kwenye paa. Wakatia madirisha. Mchanga wa plasta ulikuwa umeshamwagwa uani siku vita vilipofika mtaani. Walitoka na binti yao Princesse na kile ambacho mikono iliweza kubeba, na chungu ile ya mchanga ikabaki uani.

Tangu siku hiyo Mushagalusa hakuitaja tena nyumba ya Bagira. Ungejaribu kuitaja wewe, angesimama na kutoka nje kutazama kama mvua inakuja, hata kama jua lilikuwa linapasua mawe. Monique alijifunza kunyamaza. Alipanga moyoni mambo yote ya nyumba ile, akayafunga, akaendelea kuishi katika chumba kimoja cha kupanga kule Kansanga, wenyewe Kampala wanakiita muzigo, ambamo kitanda, jiko na viti vya wageni vinajuana kwa karibu mno.

Lakini fundi ni fundi. Jumapili baada ya ibada, wakimbizi wenzao walipokwenda kupigana picha mbele ya mahoteli ili watu wa nyumbani waone, Mushagalusa alimshika mkewe mkono wakaenda kutazama majengo. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yao, na ilikuwa haina kiingilio. Walitazama ghorofa za vioo za mjini zinazojitazama zenyewe kwenye vioo vya jirani. Walitazama makanisa mapya makubwa kama viwanja vya mpira, na hospitali, na mahakama. Mushagalusa alikuwa na maneno makali kwa vioo. "Hii ni jokofu," alisema, "imewekwa kwa jua halafu inatafuta umeme ya kupoza." Monique yeye alipenda nguzo nene, rangi ya waridi, na varanda zilizopinda kama kiuno. Walibishana njia nzima hadi Kansanga, viatu mkononi, na Monique hata leo hajui kama kuna siku alizozipenda kuliko zile.

Kisha Mushagalusa akapata kazi kwenye maktaba.

Siku za mwanzo alirudi amenuna. Wamemkataza kupiga plasta. Mchoraji wa jengo, kijana wa hapahapa Kampala mwenye kofia ya mkeka, amesema matofali yabaki kama yalivyo, na sehemu nyingine yaachiwe matundu, upepo upite. "Ukuta yenye matundu!" Mushagalusa alisema na kutupa mwiko chini ya kitanda. "Nilikuja Uganda kujenga chekeche." Monique alicheka mpaka maharagwe yakaungua.

Lakini wiki zilivyokwenda, mdomo wake ulibadilika. Akaanza kusema kwamba ukuta usio na plasta ni kazi ya heshima, maana kosa la fundi halina pa kujificha. Kila tofali litaonwa na watu mpaka watoto wa watoto. Akaanza kuondoka alfajiri bila kuitwa. Na jioni, akishaoga, Monique akiwa anageuza fufu, ugali wao wa muhogo, kwenye sufuria, ndipo yalipoanza yale masimulizi.

"Leo mumefika wapi?" Monique aliuliza.

Naye alimweleza. Alimweleza mlango mkubwa wa mbao unaofunguka bila kulia. Alimweleza ukuta wa matundu, jinsi jua la asubuhi linavyopita na kumwaga vipande vya mwanga sakafuni, na kwamba vipande hivyo vinatembea, saa sita viko mahali pengine. Alimweleza ngazi inayozunguka bila nguzo, mtu akipanda anahisi amebebwa. Sakafu, alisema, ni ya kijani, saruji ya kijani iliyosuguliwa kwa nta mpaka unajiona. Na juu, kwenye ghorofa, chini ya dirisha la upande wa jua kuzama, kuna kiti kilichojengwa ukutani kwa matofali, kirefu, cha kutosha watu wawili, na mtu akikaa pale anaona maji.

"Maji ya wapi?"

"Maji ya ziwa. Mbali kule. Utaona."

Chumba chao kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Lakini jioni zile kilikuwa kikubwa. Monique aliijua ile nyumba kwa moyo, angeweza kutembea ndani yake akiwa amefumba macho. "Ikiisha," Mushagalusa alimwambia, "nitakuja kukuchukua pale kwa meza yako, mbele ya batu bote. Nitakushika mkono. Nitakuonyesha nyumba."

Walipoanza kufunga vioo, akaanza kuumwa. Ini, walisema. Alilazwa Nsambya, akatunzwa vizuri, na bado akaondoka. Walimzika mbali na Bagira kuliko alivyopata kuwazia. Princesse alikuja kutoka Mbarara alikoolewa, akalia na mama yake, akarudi kwa watoto wake. Maktaba ikafunguliwa miezi michache baadaye. Monique alisikia hotuba kutoka ng'ambo ya barabara, akaona utepe ukikatwa, na mtu mmoja wa kanisani alipomwambia, "Twende tukaone kazi ya Mzee," ndipo alipolisema neno lile kwa mara ya kwanza: haijaisha, haina plasta.

Moyoni alijua. Tusimfanye mjinga. Alijua vizuri kuliko wote kwamba plasta haiji, aliambiwa na aliyekatazwa kuipiga. Lakini aliyesema atamwonyesha nyumba hakuwepo tena. Na jambo la pili, ambalo hakumwambia hata Joska, ni kwamba nyumba yote aliyobakiza ya mumewe ilikuwa ile ya jioni, ya maneno. Aliogopa kwamba akiingia, nyumba ya kweli itaifuta ile, na sauti ya Mushagalusa itakoma kusema "leo tumefika." Afadhali isiishe. Nyumba isiyoisha, fundi wake hajaondoka kazini.

Basi mambo yakakaa hivyo, mpaka asubuhi moja walipotokea mafundi.

Walikuja na lori, ngazi na mapipa. Joska ndiye aliyewaona kwanza. Monique alipoinua macho na kuona vijana wamevaa suruali zenye madoa ya rangi wanashusha ngazi mbele ya maktaba, alisimama.

"Nilikuambia," alisema polepole. "Joska, nilikuambia batarudi."

Siku mbili alikuwa mtu mwingine. Aliuza vitenge bila kubishana bei, alikunywa chai ya Joska akaisifia. Kwa muda wote huo vijana walipaka rangi nyeusi uzio wa chuma na lango, wakachora mistari ya kuegeshea magari, wakang'oa mabati ya mwisho yaliyokuwa yamesahauliwa pembeni. Kuta hawakuzigusa. Jioni ya siku ya pili walipakia ngazi zao kwenye lori, mmoja akanunua chapati kwa Joska, na lori likashuka Kabalagala likapotea.

Monique alibaki amesimama. Joska, ambaye alikuwa na maneno mengi tangu juzi, hakutoa hata moja la kejeli.

"Wameenda, Mama Princesse," alisema tu. "Hapana rudi tena."

"Ninaona."

"Sasa utangoja nini?"

Monique alirudi nyuma ya meza yake. Alikaa, akajifunika kitenge kichwani kama mtu mwenye baridi, na jua lilikuwa bado kali.

Joska hakuwa mtu wa kuona mwenzake anakaa hivyo akaendelea kukanda unga. Jioni ile ile alikwenda kuzungumza na mumewe, na kesho yake, watu walipopungua, Odur alivuka barabara. Sare imepigwa pasi, kofia ameishika mkononi. Alisimama mbele ya meza ya vitenge mithili ya mtu aliyekuja kuposa.

"Mama Princesse, habari ya kazi?"

"Ni muzuri, Baba."

"Mimi nimekuja kwa sababu ya Mzee Mushagalusa. Zamani, mimi nikilinda hapa wakati wa kujenga, Mzee aliniachia..." Akasita. Alimtazama mkewe. Joska alimkazia macho juu ya moshi wa chapati. "Aliniachia neno..."

"Neno gani?" Monique aliuliza.

Odur alivaa kofia, akaivua. "Hapana," alisema. "Siwezi. Mama, Joska alinituma nikudanganye. Alitaka niseme Mzee aliniambia siku moja nikukaribishe badala yake. Mzee hakuacha neno. Tulikuwa tunasalimiana tu asubuhi, na alikuwa anaomba moto ya kuwasha sigara. Basi. Nisamehe."

Joska alitoa ukelele wa kukata tamaa kwa lugha ya kwao. Lakini Monique alikuwa amekamata jambo jingine kabisa.

"Sigara?"

"Ndiyo, Mama."

"Aliniapiaka kwa Biblia kama aliachaka sigara! Mbele ya pasta!" Alipiga meza kwa kiganja. "Kila jioni ananukia majani ya mperemende, ananiambia ni ya tumbo!"

Kisha akacheka. Alicheka kicheko ambacho Joska hakuwahi kukisikia tangu msiba, cha kuinamia meza, machozi yakitoka, na Odur maskini hakujua aombe radhi au acheke naye. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kitenge.

"Baba, asante kwa kunipa kweli," alisema. "Kesho nitakuja. Siwezi kuingia mu nyumba na nguo ya soko."

Kesho yake alikuja amevaa kitenge cha bluu cha Pasaka, kichwani amefunga kilemba, na mkononi mfuko. Joska alimwachia chapati zake mwanamke wa viazi, akanawa mikono, akamfuata nyuma. Mlangoni Odur alikagua mfuko kama sheria inavyotaka.

"Chakula hairuhusiwi ndani," alisema kwa shida.

"Ni chumvi na sabuni."

Odur aliifikiria ile chumvi. "Chumvi peke yake hakuna mtu nakula," aliamua, akafungua mlango mkubwa wa mbao. Haukulia.

Hapo Monique alisimama. Mlango wa Mushagalusa, kama alivyosema. Aliingia polepole, na jambo la kwanza lililomgusa lilikuwa ubaridi, ubaridi mwema wa nyumba inayopumua, hakuna mashine inayonguruma. Kisha akauona ukuta wa matundu. Mwanga ulikuwa umemwagika sakafuni kwa vipande, na watu walikaa katikati yake wakisoma, wengine vipande vya mwanga vimewakaa mabegani bila wao kujua. Alikuwa ameuona ukuta huo kwa nje miezi yote na kuuita chekeche. Ndani ulikuwa kitu kingine. Aliweka kiganja kwenye matofali na kukiacha hapo. Yalikuwa makavu, yenye mikwaruzo, na kila moja lilionekana wazi. Alifikiri kwamba plasta ingeyafunika yote haya, na kwa mara ya kwanza akamwelewa yule kijana wa kofia ya mkeka.

"Nzuri?" Joska alinong'ona, kwa kiwango cha Joska cha kunong'ona. Watu wawili waligeuka.

"Nzuri," alisema Monique.

Ila sakafu ilikuwa ya kijivu. Saruji ya kijivu, safi, imesuguliwa, lakini kijivu. Labda walibadilisha, aliwaza. Alipanda ngazi inayozunguka, na kweli alihisi amebebwa, akafika juu, akaenda moja kwa moja upande wa jua kuzama. Dirisha lilikuwepo, pana. Chini yake palikuwa na ukuta, halafu sakafu.

Alitembea hadi dirisha la pili, la tatu, akazunguka ghorofa nzima huku Joska akimfuata bila kuelewa. Mwisho alimkaribia msichana wa maktaba aliyekuwa anapanga vitabu, Adyero, ambaye Joska alimfahamu kwa chai.

"Mwanangu, kiti ya ukutani iko wapi? Ya matofali. Chini ya dirisha."

Adyero alitazama huku na huku. "Kiti ni hizi za mbao tu, Mama. Ya ukutani haikukuwa. Mimi niko hapa tangu siku ya kufungua."

"Labda baliibomoa?"

"Hapana, Mama. Haikukuwa."

Monique alirudi kwenye dirisha. Alitazama nje atafute maji. Hakuna maji. Kulikuwa na mapaa ya Kabalagala, mabati ya kila rangi, mabango ya bia, minara ya simu, nguo zilizoanikwa, na mbali kabisa kilima kingine kilichojaa nyumba. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Sigara, na sasa hili. Jioni zote zile. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti mara ngapi, usiku asipopata usingizi, tangu amzike?

"Alinidanganya," alisema.

"Nani?"

"Papa Princesse. Aliniambiaka kuko kiti. Aliniambiaka sakafu ni ya kijani, na mutu anaona maji..."

Aliitazama upya sakafu chini ya miguu yake.

Sakafu ya kijani. Ni nani aliyetaka sakafu ya kijani? Ni yeye, Monique, msichana aliyejifunza kushona kwa masista, sebuleni mwao mwenye saruji ya kijani iliyong'aa kwa nta, akaapa kwamba akijengewa nyumba itakuwa na sakafu hiyo. Na kiti cha dirishani, ni nani aliyekitaka? Alimsumbua Mushagalusa wiki nzima, pale Bagira, matofali yakiwa yanapanda: nijengee kiti hapa chini ya dirisha, kirefu, nikae nishone kwenye mwanga, na wewe ukirudi ukae kando yangu, tuone ziwa. Naye akajibu, "Tutaona."

Hakusema uongo. Alikuwa anaijenga. Mchana alijenga maktaba ya watu wa Kampala, na jioni, akiwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda na taulo shingoni, alijenga ile nyingine aliyokataa kuitaja, akaitia sakafu, akaitia kiti, akalirudisha ziwa mahali pake. Alikuwa anaitamani kuliko hata Monique mwenyewe. Na Monique alikuwa anageuza fufu, anauliza "maji ya wapi?"

Alimweleza Joska, kwa maneno yaliyokatikakatika, pale pale dirishani. Joska alisikiliza yote. Naye alikuwa na nyumba kule Lira ambayo vita vingine, vya zamani, viliichoma kabla hajajifunza kupika ndani yake, lakini hilo hakulisema. Alisema, "Sasa tunafanya nini, Mama Princesse?"

Monique alifuta uso. Alimshika mkono, wakashuka ngazi, wakapita ukuta wa matundu, wakatoka nje hadi mbele ya Odur, ambaye alifikiri mambo yameharibika. Pale nje Monique aliutoa mfuko wa chumvi na sabuni, akamkabidhi Joska.

"Shika. Mugeni ni weye."

Akaingia peke yake, akageuka kizingitini, akanyoosha mkono.

"Karibu, Joska. Karibu kwetu."

Joska alipiga magoti kidogo kama mgeni mwenye adabu, mwili ule mkubwa, akaupokea mkono.

"Hapa ni saloni, pa kupokelea bageni," Monique alisema. "Ile ukuta ni ya Papa Princesse. Jua inaingia asubuhi, bipande byake binatembea. Na sakafu, unaona, ni ya kijani."

Joska aliitazama ile sakafu ya kijivu, akachukua muda wake. "Naona," alisema. "Kijani nzuri sana. Usafi."

Walipanda ngazi. Monique alimwonyesha chumba cha kulala, kati ya rafu za vitabu vya sheria, na chumba cha Princesse, kwenye magazeti. Katika kila chumba Joska alitoa neno zuri, na Adyero, aliyewasikia, aliacha kupanga vitabu. Mwisho walifika dirishani. Monique aliketi chini, sakafuni, mgongo ukutani, akajisogeza kumpa mwenzake nafasi.

"Na hii ni kiti yangu. Ni ya batu babili. Ikaa."

Joska alijishusha kwa kuguna. Walikaa bega kwa bega. Wakigeuza shingo waliweza kuona nje.

"Unaona maji?" Monique aliuliza.

Joska aliyatazama mabati ya Kabalagala yakiwaka kwenye jua.

"Naona," alisema. "Mingi."

Kisha akakumbuka kazi yake. Aliweka ule mfuko wa chumvi kwenye mapaja ya Monique, kwa mikono miwili, akatafuta maneno aliyoyasikia kwa Monique ng'ambo ya barabara mara nyingi hadi kuyachoka.

"Nyumba imeisha," alisema. "Mkae. Wewe na Mzee."

Monique aliushika mfuko. Chini mtu alikohoa, kiti kikaburutwa, mlango ukafunguka na kufungwa bila kulia.

"Imeisha," Monique alisema. "Karibu tena."